Editha na Swali la Tisa

Kwa miaka minane Editha Gabrieli aling'oa meno ya watu wa Matombo, na katika muda wote huo sikumbuki kama alimwambia mgonjwa hata mmoja kwamba haitauma. Alisema, "Fungua," na baadaye, "Tema." Watu walimwamini kwa sababu hiyo. Alikuwa mfupi, mwenye vifundo vya mikono kama vya mtwangaji, na Jumapili akienda misa watu walimsalimia huku wamebana midomo, kana kwamba angeweza kuona kitu humo akarudi na koleo.

Mimi nilikuwa mtunza stoo wa kituo chetu cha afya. Nilipoanza kazi, ganzi ilikuja kwa maboksi kutoka serikalini na mgonjwa hakuulizwa kitu. Ilipofika enzi ya ruksa, biashara ikawa huria na stoo yangu ikabaki na rafu tu. Ganzi ilihamia duka la dawa la mtu binafsi, na mgonjwa akawa anakuja nayo mwenyewe, kaishika mkononi kama yai. Maduka mengine yalijaa soda, biskuti na pipi za kila rangi. Watoto ambao bibi zao walizikwa na meno yote thelathini na mawili walianza kuletwa kwa Editha wakiwa na visiki. Sukari ilipanda mlimani kwa lori na ganzi ikashuka kwa miguu. Hayo yaliitwa mageuzi.

Nina tabia ya kusoma karatasi inayofungiwa chumvi. Elimu yangu yote baada ya darasa la nne nimeipata humo. Mwaka 1993 nilifungua chumvi nikakuta tangazo: mfuko mmoja wa ng'ambo unatoa ruzuku ya kuwafundisha utafiti vijana wa fani ya afya ya kinywa, wasiozidi miaka thelathini na mitano. Mwaka wa kwanza ni mafunzo Dar es Salaam na utafiti mdogo nyumbani kwao. Mwaka wa pili ni mafunzo ya ng'ambo, kisha kazi ya utafiti ya kudumu. Lakini mwaka wa pili hupewa yule tu ambaye ripoti yake ya mwaka wa kwanza imekubaliwa.

Nilimpelekea Editha. Aliisoma akiwa amesimama, koleo mfukoni mwa koti.

"Sanduku la posta halijakamilika, mzee," alisema. Kona ya karatasi ilikuwa imechanika na tarakimu ya mwisho ilikwenda na chumvi ya mtu mwingine.

"Tarakimu ziko kumi tu," nikasema.

Tukaandika barua kumi. Tulipata majibu matatu. Moja lilitoka kwa muuza vipuri vya trekta, akiuliza tunahitaji vingapi. La pili lilitoka kwa kwaya, wakitukaribisha. La tatu lilitoka kwa Dokta Shamsia, mwalimu wa chuo aliyesimamia ruzuku hiyo hapa nchini, na lilimwita Editha kwenye usaili.

Siku moja kabla hajaondoka, tukisubiri vyombo vyake vichemke, nilimuuliza anatafuta nini huko. Hakuwa mtu wa kutaka gari.

"Nimeng'oa meno sijui elfu ngapi," alisema. "Sijui hata moja lilioza kwa nini. Nimekuwa kama mtu anayezika tu. Nataka kujua kabla sijazikwa na mimi."

Alikuwa na miaka thelathini, hajaolewa, na nafasi nyingine kama hiyo isingeteremka Matombo ndani ya chumvi mara ya pili. Hilo alilijua. Mama yake, Filomena, alilijua pia. Ndiye aliyemfulia koti.

Alipata mwaka wa kwanza. Alirudi baada ya miezi minane na mkoba wa ngozi bandia, mizani, na mabunda ya fomu. Watu wa ule mfuko walikuwa na majedwali ya nchi nyingi yanayoonyesha watoto huota meno wakiwa na miezi mingapi na kwa mpangilio gani. Kwenye majedwali hayo safu ya milima yetu ya Uluguru ilikuwa tupu. Editha alipewa kazi ya kuijaza, watoto wasiopungua mia tatu, kabla ya mwisho wa Septemba.

Aliniletea fomu nimsaidie kuinyoosha lugha. Nilifika swali la tisa nikaweka kalamu chini. Swali lilisema: *Jino la kwanza la mtoto liliota wapi? (a) Chini (b) Juu.*

"Hili halitajibika," nilimwambia.

"Lipo kwenye fomu."

"Najua lipo. Nakwambia halitajibika."

"Mzee, wewe nisaidie lugha tu."

Mtu wa mbali haoni kosa la swali hili. Kwetu sisi mtoto anayeanza kuota meno ya juu ni kigego. Kigego huleta vifo kwenye ukoo, na kwa Waluguru ukoo ni wa mama, kwa hiyo mkosi hupita kwa mama kwenda kwa dada zake na mabinti zao wote. Zamani za babu zetu mtoto huyo alitupwa porini. Desturi hiyo ilikufa, nami siililii. Lakini baadaye, hata kabla mapadri hawajajenga, watu walipata njia ya kulimaliza bila kuua. Mama alimwita mtani wake, mwanamke wa ukoo wa utani. Mtani alimchukua mtoto, akamlaza kwenye njia ya mtoni, akapiga hatua saba kuondoka, akarudi, akasema, "Nimeokota mtoto, nani hana?" Mama akajibu, "Mimi sina." Akapewa. Kigego kilibaki njiani, aliyerudi nyumbani alikuwa mtoto wa kuokotwa. Mtani hakumtajia mtu alimwokota mtoto wa nani. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja na haikuhitaji fomu.

Siku hizi hakuna anayemwita mtani. Wanawake wanajifungulia hospitali, vijana wanasema utani ni ushamba, makanisa mapya yanasema ni mapepo. Dawa wameitupa. Ugonjwa wameubakiza. Mama akiona jino la juu sasa anakaa nalo peke yake na kumfunika mtoto kitambaa mdomoni mpaka ya chini yatoke.

Editha alitembea. Alipanda Tawa, akapanda Kibungo, alikwenda kila siku ya kliniki ya watoto na kila nyumba aliyoelekezwa. Siku za Alhamisi nilimfuata kubeba mizani. Swali la nane, mtoto amenyonya miezi mingapi, lilijibiwa taratibu, kwa kuhesabu mvua na mavuno. Swali la tisa lilijibiwa kabla hajamaliza kulisoma.

"Jino la kwanza la mtoto..."

"Chini."

"Sijamaliza, dada."

"Maliza. Chini."

Mwingine alisema, "Chini, kama watu." Mwingine, "Chini, na mwenzake chini, na huyo wa tatu pia chini." Mwanamke mmoja wa Kibungo alituuliza kama kuna watu huko Dar es Salaam wanaoota juu, na kama ndiyo hao wanaotuletea soda.

Nyumbani kwa Veneranda, mama kijana aliyeolewa kando ya barabara ya misheni, mtoto wa miezi minane alikuwa anacheka mapajani mwake. Kinywani alikuwa na meno mawili. Yote mawili yalikuwa juu.

"Liliota wapi?" Editha aliuliza.

"Chini."

"Mbona naona ya juu?"

"Ya chini yalitangulia."

"Yako wapi?"

Veneranda alimtazama mtoto, kisha akanitazama mimi na mizani. "Yamerudi ndani," akasema.

Editha aliangalia tena yale meno mawili. Kisha akaandika *chini*. Ilikuwa fomu ya mia mbili na nne.

Dokta Shamsia alikuja mwanzoni mwa Septemba kwa gari la chuo. Alikuwa mwanamke wa mjini, mwepesi wa miguu na wa maneno, na barabara yetu ilikuwa imemtikisa mpaka miwani. Alikaa stoo kwangu kwa kuwa ndiko kulikuwa na nafasi. Alisoma fomu mia tatu na kumi na nane.

"Editha, mdogo wangu," alisema, "hii ni asilimia mia moja."

"Ndiyo, dokta."

"Hata watu wenye pua hawafiki asilimia mia moja. Kokote walikohesabu, wachache wa juu hawakosekani. Watasema umekaa chini ya mgomba ukajaza mwenyewe."

"Nimetembea."

"Viatu naviona. Wao hawataviona. Nikipeleka hivi, hupati mwaka wa pili. Kuna kijana wa mkoa mwingine amehesabu mate tu, na mate yake yanapishana vizuri kabisa. Nafasi ni moja." Alivua miwani. "Hawa akina mama wanaficha?"

Editha alitazama rafu tupu. "Wanajibu," alisema.

"Nina wiki tatu za kukupa. Niletee angalau mmoja ninayeweza kumtetea."

Katika wiki hizo tatu alifariki mzee Thobias, mjomba wa Filomena, mzee wa ukoo. Tulikwenda kuzika. Bibi Paskalia alikuwepo, mtani wa ukoo huo, mwanamke wa umri mkubwa asiye na jino hata moja, na yeye peke yake alifanya utani kama unavyotakiwa. Alijilaza juu ya jeneza akasema haliruhusu kuondoka mpaka marehemu alipe mbuzi aliyemla mwaka wa njaa. Alivaa kofia ya marehemu akaigiza anavyotembea akiwa amelewa. Watoto wa marehemu walicheka huku wanalia. Vijana waliotoka Dar es Salaam walitazama saa zao.

Kisha akamwona Editha na mkoba wake.

"Wewe mchunga meno!" alipaza sauti. "Umewauliza wanawake wote wa mlima huu, mimi umeniruka. Kwa kuwa nina ufizi?"

"Shikamoo, bibi," Editha alisema.

"Sipokei. Leo ni siku yangu ya kutukana. Umepata wangapi wa juu?"

Hata wale vijana wakaacha kutazama saa.

"Hakuna, bibi."

"Hakuna! Mimi nimeokota kumi na mmoja kwa mikono hii, njia ya mtoni. Wote wanakula ugali mpaka leo, na wengine wamenenepa."

"Akina nani?"

"Kamuulize mto." Akazunguka kaburi akichezesha kofia. "Mmoja ana mkoba begani."

Watu wakaangua kicheko, wengine kwa nafuu. Neno la mtani msibani ni utani hata likiwa kweli. Huwezi kulikasirikia, huwezi kulishtakia, na huwezi kuliandika kwenye fomu. Editha alitazama pande zote. Baadaye aliniambia alihesabu: watu wote walicheka isipokuwa mama yake, aliyekuwa anarekebisha kanga isiyokuwa na kasoro.

Siku ya tatu baada ya msiba Editha alikuja kunichukua. Fomu ilihitaji shahidi, akasema. Nilichukua kidau cha wino wa dole gumba na tukaenda kwa Filomena. Tulimkuta uani, anageuza pilipili manga juani juu ya mkeka. Kaka yake Ignas alikuwa amekaa kwenye kigoda. Baada ya mzee Thobias, Ignas ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo, na alikuwa amekuja kuzungumzia mashamba.

"Mama, nina fomu," Editha alisema.

"Fomu zako ni za watoto."

"Mimi si mtoto wako?"

Filomena aliendelea kugeuza pilipili. "Soma."

Editha alikaa mkekani akasoma kama alivyowasomea wote, kwa sauti ileile. Jina la mtoto. Jinsia. "Mtoto ana umri gani?"

"Unaujua."

"Nauliza kila mtu, mama."

"Thelathini na moja. Mkaidi. Kama kuna nafasi, andika."

"Hakuna nafasi. Mtoto amenyonya miezi mingapi?"

"Mpaka aliponing'ata," Filomena alisema, na mkono wake ukasimama juu ya pilipili.

Editha aligeuza karatasi. "Jino la kwanza la mtoto liliota wapi? Chini, au juu?" Alilisoma lote. Ilikuwa mara ya kwanza nasikia mtu anaachiwa amalize.

Ignas alisimama. "Dada. Huyo mzee ana wino."

"Nauona."

"Hiyo karatasi inakwenda Ulaya. Huku itarudi kama maneno, na maneno hayafi. Ukoo una mabinti tisa hawajaolewa."

"Kumi," alisema Filomena, "na huyu."

"Nao wataolewa na nani? Sema chini. Umesema chini miaka yote, na nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa," Filomena alisema. "Hicho ndicho ninachokiona na mimi. Thobias amekufa na miaka tisini, tena kwa pombe." Akajifuta mikono kwenye kanga. Alimtazama binti yake kinywani, kwa muda, kama mtu anayekagua mlango aliokuwa anaufunga kila siku. "Nisiposema, unarudi kung'oa?"

"Ndiyo, mama."

"Na nikisema?"

"Sijui. Pengine pia narudi kung'oa."

"Juu," alisema Filomena. "Mawili. Niliyaona Jumatano ya Majivu, nimetoka kupakwa majivu. Nilikufunga kitambaa mpaka jioni, kesho yake Paskalia akaja. Akauliza nani hana mtoto. Nikasema mimi sina. Andika."

"Hapana nafasi ya kuandika hayo yote."

"Basi andika juu."

Wino wangu ulikuwa umekauka. Stoo yangu haikuwa na kitu kisichokauka. Filomena aliutemea mate, akausugua, akabonyeza dole gumba pale penye mstari. Ignas alikuwa ameshafika mgombani, hakuaga. Mimi niliweka saini ya shahidi, na nilipoinua kichwa Editha alikuwa anamsaidia mama yake kugeuza pilipili.

Ripoti yake aliniletea nisome kabla ya kuituma. Ukurasa wa mwisho nilikaa nao muda mrefu, na ninaukumbuka hivi:

*Wanawake mia tatu na kumi na wanane walisema chini. Mtafiti hawezi kuwaamini wote. Katika fomu ya mia mbili na nne mtafiti aliona juu akaandika chini. Kosa hilo ni la mtafiti, si la mama. Mwanamke wa mia tatu na kumi na tisa alisema juu. Mtafiti anamwamini, kwa kuwa mtoto huyo ni mtafiti mwenyewe. Inapendekezwa safu ya Uluguru iachwe wazi mpaka apatikane mtu anayejua kuuliza.*

"Umetumwa kujaza safu," nilimwambia, "nawe unawarudishia ikiwa tupu."

"Sasa wanajua kwa nini ni tupu."

Dokta Shamsia aliandika kwamba hajawahi kusimamia ripoti inayojikataa yenyewe, na kwamba ameituma. Tukasubiri. Editha aling'oa meno ya Oktoba na Novemba. Mwanzoni mwa Desemba barua ilikuja: amepewa mwaka wa pili. Yule wa mate alikosa. Wafadhili walisema pia kwamba swali la tisa watalirekebisha. Watu wa fomu ndivyo walivyo. Wakigonga ukuta wanabadilisha kalamu.

Editha aliondoka Januari na koti lilelile. Aliacha kwenye stoo yangu bunda la fomu zilizobaki, na kwa miezi kadhaa hizo ndizo zilikuwa mali pekee iliyohifadhiwa humo.

Filomena alibaki. Ignas alikuwa amesema kweli: karatasi ilikwenda Ulaya na maneno yakarudi Matombo, sijui kwa basi gani. Mazungumzo ya posa ya binti mmoja wa ukoo yalikatika bila kutajwa sababu. Kanisani, Filomena akipita katikati ya viti, wanawake waliwahamishia watoto wao nyonga ya pili, mbali naye. Ignas aliacha kupita uani kwake. Bibi Paskalia alifariki kabla ya Kwaresima, na kwenye mazishi yake hakutokea mtani hata mmoja wa kulala juu ya jeneza. Alizikwa kwa adabu kabisa. Sijapata kuona msiba wa aibu kama ule.

Wiki moja baadaye Filomena alituma mtu kuniita, nije na fomu na wino. Ilikuwa adhuhuri. Nilimkuta Veneranda amesimama uani, hakukubali kukaa. Mtoto wake alikuwa ameshaanza kutembea na mdomo umejaa meno, juu na chini, kwa hiyo hapakuwa na cha kufunika tena, lakini bado alikuwa amemfunga kitambaa shingoni, tayari.

"Mwambie mzee," Filomena alimwambia.

Veneranda alitazama chini. "Yale ya chini," alisema, "yaliyorudi ndani."

"Ndiyo," nikasema.

"Hayakuwa yametoka."

Niliandika. Alibonyeza dole gumba, kisha akaanza kulia, akauliza sasa itakuwaje, mama mkwe ameshaanza kuhesabu vifo mpaka vya kuku. Nilimwambia kwamba fomu haina dawa, ina namba tu.

Filomena alimfungua mtoto kitambaa, akambeba, akatoka naye nje ya ua kwenye njia ya mtoni. Yeye si mtani wa ukoo wa Veneranda. Kwa taratibu za zamani halikuwa jambo lake, na mimi ninazijua taratibu hizo kuliko wengi waliobaki. Nilifunga kidau cha wino.

Mtoto hakukubali kulazwa. Kila alipowekwa chini alisimama akakimbilia mtoni, na Filomena, mwenye miaka sitini na magoti mabovu, hakuwahi kufikisha hatua saba. Mwishowe alimkimbiza, akamdaka kwenye migomba, akarudi anahema.

"Nimeokota mtoto," alisema. "Nani hana?"

Veneranda alinitazama. Nikamwashiria kwa kichwa ajibu.

"Mimi," alisema. "Mimi sina."

Fomu niliituma kesho yake kwa Dokta Shamsia, Dar es Salaam, kwa sanduku lenye tarakimu zote.